Mipira ya Lori kwa Barabara za Kasongo na Kabambare

Mwezi wa Oktoba ukifika, mvua hunyesha kwa nguvu katika Maniema ya kusini, na barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare hugeuka tope. Mwezi wa Juni mvua hukoma, na tope lile lile hukauka likawa gumu kama tofali lililochomwa, na mawe mekundu hutokeza juu kama meno. Lori ni lile lile, mzigo ni ule ule, shofere ni yule yule. Ila njia imekuwa njia nyingine kabisa. Tena wako wenye malori ambao kazi yao huwafikisha mbali zaidi, hata kwenye lami ya Rwanda au ya Tanzania, ambako gari hukimbia saa nyingi bila kupumzika na mipira hupata moto.

Basi kati ya lori na njia hizo tatu, yaani tope, jiwe na lami, hakuna kitu kingine ila mipira. Mtu hutazama injini, husifu rangi ya kibini, huhesabu magunia. Lakini sehemu ya mpira mmoja inayogusa ardhi ni kadiri ya daftari la shule lililofunguliwa. Juu ya daftari sita au kumi za namna hiyo hukaa lori zima, na mchele wa Kasongo, na mapipa ya mafuta ya mawese, na akina mama walioketi juu ya mzigo na watoto wao mgongoni.

Kwa sababu hiyo twaona kwamba jambo hili si la wenye malori peke yao. Lori likizama njiani siku nne, chumvi na sabuni hupanda bei sokoni Kabambare, dawa huchelewa kufika, na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitalini hulala chini ya turubali. Na mpira ukipasuka mteremkoni karibu na daraja la magogo, hapo hatusemi tena habari ya bei.

Neno mpira lenyewe lina habari yake. Kwa Kiswahili chetu ni utomvu wa mti, ni kitu cha watoto kuchezea, tena ni tairi la gari. Kongo yetu yajua utomvu ule kwa uchungu. John Boyd Dunlop alipotengeneza mpira wa upepo wa baiskeli mjini Belfast mwaka 1888, watu wa Ulaya na Marekani walitaka baiskeli, kisha motokaa, na bei ya utomvu ikapanda. Wakati huo nchi ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II. Katika misitu ya Equateur na Kasai watu walilazimishwa kugema mitambaa ya porini. Wake zao walishikwa rehani, na wengi walikatwa mikono au kuuawa, hata dunia ilipopiga kelele na Ubelgiji ikautwaa utawala mwaka 1908. Twalitaja jambo hili kwa kupita tu, lakini si vibaya mtoto wa shule akijua kwamba kitu kinachozunguka chini ya lori kililipiwa na mababu wa Wakongo kabla lori lenyewe halijafika hapa.

Sasa tuingie katika kazi yetu. Je, mwenye lori aanze wapi akitaka kununua mipira? Aanze kwa kusoma. Ubavuni mwa kila mpira pameandikwa mambo mengi, na asiyesoma hununua kwa kutazama weusi wake tu. Muuzaji naye anajua kuupaka mpira mzee rangi nyeusi hata ukang'aa kama viatu vya Jumapili.

Tutwae mpira wenye maandishi haya: 315/80R22.5, na mbele yake 156/150L. Tarakimu 315 ni upana wake kwa milimita. Tarakimu 80 yasema kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 252. Tarakimu 22.5 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Namba 156 si kilo; ni namba ya orodha, na maana yake ni kilo 4,000 kwa mpira uliofungwa peke yake. Namba 150 ni kilo 3,350 kwa mpira uliofungwa pamoja na mwenzake, kama ilivyo nyuma ya lori. Herufi L ni mwendo wa kilomita 120 kwa saa. K ni 110. J ni 100.

Wanafunzi na wafanye hesabu. Mhimili wa mbele una mipira miwili: mara mbili 4,000 ni kilo 8,000. Mhimili mmoja wa nyuma una mipira minne: mara nne 3,350 ni kilo 13,400. Huo ndio mpaka wa mipira, na mara nyingi mhimili wenyewe na sheria huruhusu kidogo zaidi ya nusu au robo tatu tu ya mzigo ambao tumezoea kuona ukipakiwa. Tena katika hesabu hiyo uzito wa lori lenyewe umo tayari. Mwenye lori anayepima magunia peke yake amesahau kwamba chuma nacho kina uzito, na abiria thelathini walioketi juu ya magunia ni zaidi ya kilo elfu moja na nusu.

Herufi R katikati ya maandishi ni herufi kubwa kuliko ilivyo. Mpira wa zamani huandikwa kwa kistari, kwa mfano 10.00-20. Ndani yake nyuzi zimepishana mshazari, tabaka juu ya tabaka, kama ukili wa mkeka. Mpira wenye R una nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na juu yake kumezungushwa mikanda ya chuma. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ndiyo iliyopata hati ya namna hii mwaka 1946. Mpira wa R hulala vizuri juu ya ardhi, haupati moto upesi, na hudumu zaidi kwenye lami. Lakini ubavu wake ni laini. Jiwe kali la kando ya njia likiuchoma ubavu, mara nyingi mpira umekwisha. Mpira wa mshazari una ubavu mgumu wenye tabaka nyingi, huvumilia kugongwa, na fundi wa kijijini aweza kuutia kiraka; ila kwenye lami, kwa mwendo mrefu, huchemka.

Ndiyo maana hatuwacheki wazee wa barabara ambao bado hushikilia mipira ya mshazari kwa safari za Wamaza na Salamabila. Wana sababu yao. Lakini anayetoka udongoni akaingia lamini kila mwezi na achague R. Na jambo moja lisifanywe kamwe: kufunga R na mshazari katika mhimili mmoja. Namna mbili hizi hazikanyagi sawasawa, na shofere akishika breki ghafula, gari huvutwa upande.

Tena iko alama ya umri. Baada ya herufi DOT kuna maandishi kadhaa, na mwishoni tarakimu nne. Zikiwa 3817, mpira ulitengenezwa juma la 38 la mwaka 2017. Zikiwa tatu tu, ulitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na wa namna hiyo tusiununue hata kama meno yake ni marefu. Mpira huzeeka hata ukikaa bila kutumika. Jua na hewa huukausha, na nyufa nyembamba hutokea ubavuni. Meno marefu juu ya mpira mzee ni kama meno ya bandia mdomoni mwa babu: hayasemi kweli juu ya umri wake.

Hapa twafika kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Mipira mingi inayouzwa katika miji yetu ya mashariki si mipya. Imetoka Ulaya, imetumika huko, kisha ikapakiwa melini. Mingine ina herufi M+S, na wauzaji huzisifu sana: “Tazama, Baba, huu ni mpira wa matope!” Ni kweli kwamba kwa Kiingereza M ni tope. Lakini S ni theluji, na hapo yafaa tutulie kidogo.

Wengi wetu hatujapata kuona theluji, ijapokuwa Kongo inayo juu ya mlima Ruwenzori, kwenye kilele cha Margherita chenye meta 5,109. Katika nchi za baridi theluji hufunika njia za mashambani miezi kadhaa, na malori hupita humo. Wenyeji wa huko wana shida yao inayofanana na yetu: njia ndogo iliyofunikwa na kitu laini kinachoteleza, kisha barabara kuu ngumu ya kwenda mbali, na mpira mmoja unaotakiwa kutumika kwa zote mbili. Hivyo watengenezaji waliweka herufi mbili pamoja, kana kwamba tope na theluji ni ndugu wa tumbo moja.

Si ndugu. Theluji hushikana na theluji. Mpira wa theluji una chale nyingi nyembamba juu ya meno yake, na chale hizo hubana theluji na kuishika. Theluji iliyojaa mferejini huishika theluji iliyo chini. Tope si hivyo. Udongo wetu wa mfinyanzi ukijaa kati ya meno, mpira huwa duara laini kama chungu ambacho hakijachomwa, nao huzunguka pale pale. Mpira wa matope wahitaji meno makubwa yaliyoachana, na mifereji mipana iliyo wazi kuelekea ubavuni, ili unapozunguka uutupe udongo nje.

Tena liko jambo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Mpira wa baridi umechanganywa kwa dawa za kuufanya ubaki laini wakati maji yanapoganda. Watengenezaji huuhesabu kuwa mwema katika baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Ukiuleta katika jua la Kasongo ukaupakia tani nyingi, ulaini ule ule uliokuwa faida huwa hasara: meno hupinda, hula upesi, na mawe huyanyofoa vipande. Twamjua mfanyabiashara mmoja aliyefurahi kupata mipira minne ya namna hiyo kwa bei ya miwili. Aliifunga nyuma mwezi wa Juni, mawe yakiwa makali. Kabla mvua hazijarudi, mitatu ilikuwa upara, na wa nne ulikuwa umepasuka. Aliyenunua kwa bei ya miwili alinunua tena mara ya pili.

Wala hata wenye theluji yao hawaziamini tena zile herufi mbili peke yake, maana mtengenezaji huziandika mwenyewe bila kupimwa na mtu. Mpira uliopimwa katika theluji hupewa alama ya mlima wenye vilele vitatu na punje ya theluji ndani yake. Ujerumani iliamuru kwamba mipira iliyotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 2018 isihesabiwe kuwa ya baridi bila alama hiyo ya mlima, na ile ya zamani yenye M+S tu ikapewa nafasi hadi mwisho wa Septemba 2024. Kwa mnunuzi wa Kasongo kanuni ni rahisi. Akiona mlima wenye vilele vitatu pamoja na chale nyingi nyembamba, aurudishe mpira mahali pake kwa adabu. Akiona M+S peke yake juu ya mpira wa lori wenye meno makubwa na mifereji mipana, autazame zaidi, kwa maana mipira mingi mizuri ya udongo nayo huandikwa hivyo.

Basi anunue upi? Rai yetu ni hii. Mipira ya mbele ndiyo inayoongoza, nayo haivuti. Kwa hiyo iwe ya R, yenye mifereji mirefu inayozunguka, na kingo nene zisizokatika kwa mawe. Ya nyuma, ile inayovuta, iwe na meno makubwa ya kukata tope, lakini meno yaliyokaribiana kiasi katikati, ili kwenye lami yasilie wala kupata moto mno. Watengenezaji huziita aina hizi mipira ya njia mchanganyiko, iliyo kati ya barabara kuu na machimbo. Mpira wa machimbo hasa, wenye meno marefu kama hatua za ngazi, ni mzuri kwa lori lisilotoka tope. Kwenye lami huliwa upesi, hupata moto, na katika mvua hausimami haraka. Na mpira laini wa barabara kuu, unaoonekana kiuchumi kwa sababu hupunguza mafuta, utamlaza shofere kwenye tope la kwanza baada ya Kasongo. Asiye na fedha za kubadili yote na aanze kwa kuweka iliyo imara kuliko yote mbele, maana mpira wa mbele ukipasuka usukani humtoka mtu mikononi. Wa nyuma ukipasuka, mwenzake humshikilia kidogo.

Wengine huuliza juu ya kuchonga upya mifereji kwa kisu cha moto. Mpira ulioandikwa REGROOVABLE ubavuni umetengenezwa na nyama ya ziada chini ya mifereji, nao waweza kuchongwa na fundi mwenye kipimo. Usioandikwa hivyo, kisu hufika kwenye chuma. Maji huingia, chuma huoza, na mpira unaoonekana mpya hufumuka njiani.

Watu husema sana juu ya meno, husahau upepo. Kinachobeba mzigo si mpira; ni upepo uliomo ndani yake. Mpira wa lori kubwa huhitaji bari 8 au zaidi kidogo, nao upimwe asubuhi, ungali baridi. Mpira wenye upepo mchache hujikunja kila unapozunguka, na kule kujikunja ni moto. Kwenye udongo, kwa mwendo wa polepole, moto huo haudhuru sana. Ndiyo maana shofere huzoea. Siku akifika lamini, akakanyaga mafuta saa mbili mfululizo, mpira hupasuka, naye husema lami ni mbaya. Tena anayepima mchana akakuta upepo umezidi asiutoe, kwa kuwa umepanda kwa joto tu, jioni utarudi.

Ni kweli kwamba katika tope zito upepo ukipunguzwa kidogo mpira hulala chini na kushika vizuri. Mashofere wazee wajua hila hii. Ila haiwafai wenye mzigo mkubwa, wala asiye na pampu ya kurudisha upepo upande wa pili wa tope. Minyororo ya chuma iliyofungwa juu ya mipira ya nyuma yafaa zaidi; watu wa theluji huitumia, nasi twaweza kuitumia katika tope, mradi ifunguliwe mara gari linapokanyaga ardhi ngumu. Na kabla ya hila zote iko subira. Kizuizi cha mvua kinapofungwa baada ya mvua kubwa, hufungwa ili njia ikauke. Lori moja linalopita kwa hongo huchimba mifereji ambayo malori hamsini yataanguka ndani yake, na kazi ya wanakijiji walioziba mashimo kwa majembe hupotea kwa usiku mmoja.

Mipira miwili ya nyuma iliyofungwa pamoja iwe na kimo kimoja. Ikiwa mmoja ni mkubwa, huo hubeba mzigo wa wote wawili, na mdogo huburuzwa. Boi-shofere na ashuke kila wanaposimama, achungulie kati yake, aondoe jiwe lililokwama. Jiwe la ukubwa wa ngumi laweza kukata mipira miwili kabla ya kilomita kumi. Asipige kwa rungu tu na kusikiliza sauti, bali atumie kipimo.

Tumeacha mwishoni jambo la hatari kuliko yote, kwa sababu linawahusu vijana wanaojifunza ufundi. Malori mengi ya zamani yana rimu za vipande, zenye pete ya chuma inayoushika mpira. Upepo wa bari 8 husukuma kwa nguvu ya kilo 8 na zaidi juu ya kila santimeta ya mraba. Ubavu mmoja wa mpira wa lori una zaidi ya santimeta za mraba 6,000. Wanafunzi wakizidisha wataona kwamba nguvu inayosukuma upande mmoja ni karibu tani 50. Pete ikiwa na kutu, au imepinda, au haikukaa vizuri katika mfereji wake, huruka kama risasi ya mzinga, na kijana aliyeinama juu yake akijaza upepo hana muda wa kuukwepa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa nati yoyote, utoe upepo wote, na kama mipira ni miwili pamoja, utoe wa yote miwili. Pete isafishwe kutu, itazamwe pande zote. Iliyopinda isinyooshwe kwa nyundo, itupwe. Isichanganywe pete ya rimu hii na rimu ile. Wakati wa kujaza, mpira uwekwe ndani ya kizimba cha chuma kilichofungwa imara. Asiye nacho auzungushie minyororo minene, au auweke chini ya lori pete ikitazama ardhi. Mshika pampu asimame mbali, upande wa meno, si mbele ya pete, na mrija uwe mrefu. Watoto wanaokusanyika kutazama wafukuzwe kwanza.